Mama mkwe anataka kunikanda, hajui tumbo langu lilikatwa kwa nini

SWALI

Shangazi, hujambo? Naomba usichapishe jina langu.

Nina umri wa miaka 36, watoto 3, na naishi Donholm kwenye orofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Watoto 2 nilijifungua kwa upasuaji. Baada ya kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka 3, tumbo lilikataa kurudi. Ngozi ilining'inia juu ya mshono, misuli ikaachana katikati hadi vidole 4 vikawa vinaingia, na kila jioni mgongo uliniuma. Kwenye matatu watu walinipisha kiti wakidhani ni mjamzito. Nilifanya mazoezi miaka 2 na ngozi haikusogea. Nikaweka akiba kwenye chama, baba watoto akakubali, na siku 9 zilizopita nikafanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo katika kliniki moja hapa Nairobi.

Mama mkwe tulimwambia nimepasuliwa ngiri. Mume wangu ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mamake hawezi kuelewa mtu kulipa pesa zote hizo akatwe na si mgonjwa. Mama alipanda basi kutoka Likoni siku iyo hiyo akaja kuniuguza, na kusema kweli bila yeye sijui watoto wangekula nini, kwa sababu mume wangu huendesha lori la masafa marefu na wiki hii yuko njia ya Malaba. Sasa Mama anasema mwanamke aliyekatwa tumbo lazima akandwe. Amenunua leso mpya za kunifunga, na kila asubuhi huchemsha maji na chumvi akaniita bafuni. Nimekataa mara 3. Jana alikaa jikoni bila kuniongelesha mpaka jioni.

Nina maumivu, Shangazi. Tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma. Chini ya kitovu sihisi chochote, lakini nikikohoa naona giza, na baridi hii ya Julai imeniletea kikohozi. Mgongo ndio unaonitesa zaidi. Nilipewa parasetamoli, tramadoli na antibiotiki. Tramadoli niliacha siku ya 4 nikiogopa kuizoea, na parasetamoli nameza tu nikishindwa kabisa. Naona kama natakiwa kuvumilia, maana hakuna aliyenilazimisha kupasuliwa. Sijaenda haja kubwa siku 4. Rafiki yangu aliyewahi kufanyiwa upasuaji huu aliniambia nilale chali nimenyooka, la sivyo tumbo litapona likiwa limekunjamana, na nikaze mkanda wa tumbo hadi ndoano ya mwisho ndipo kiuno kitokee. Mrija mmoja wa kutolea maji ya kidonda ulitolewa siku ya 7. Wa pili bado ninao, na jana ulitoa mililita 45. Kila jioni navimba hadi najiuliza kama nilitupa pesa. Mtoto mdogo analia nimbebe, na juzi nilimwinua.

Kliniki wamesema nirudi siku ya 14, na naogopa kupiga simu nikaonekana msumbufu. Wifi yangu wa Kayole, ambaye anajua, anasema nimwambie Mama ukweli. Mume wangu anasema ninyamaze tu, wiki 2 zitaisha. Nifanye nini? Na maumivu haya ni ya kawaida?

Mama wa Watatu, Donholm

JIBU

Mama wa Watatu, pole sana. Una kidonda kinachotoka nyonga moja hadi nyingine, na juu yake umebeba siri ambayo inabidi uilinde ukiwa huna hata nguvu za kuinuka kitandani. Nimekusoma hivi: mwili unauma kuliko ulivyotarajia, na mtu anayekuuguza hajui anauguza nini. Mambo haya 2 yamesokotana. Ngoja nianze na mwili, maana usiku wa leo unahitaji kulala.

Upasuaji huu huenda mbali kuliko ngozi. Daktari hukata chini ya tumbo, huinua ngozi na mafuta mpaka karibu na mbavu, hushona misuli iliyoachana ikutane katikati, huvuta ngozi kuelekea chini, hukata iliyozidi, kisha hutoboa tundu jipya ili kitovu kitokeze. Kwa hiyo unachokiita maumivu ni maumivu kadhaa yanayoishi nyumba moja, na dawa ya moja siyo dawa ya jingine. Kule kukaza kama ngozi ya ngoma ni misuli iliyoshonwa. Ganzi chini ya kitovu ni mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa ngozi ilipoinuliwa. Hurudi polepole kwa miezi, na ikianza kurudi utahisi vichomo vya ghafla kama shoti ya umeme, au muwasho. Usitishike navyo. Maumivu ya mgongo yanatokana na jinsi unavyotembea umeinama na kulala vibaya. Na sehemu ya ule ukakamavu wa tumbo, naamini, ni choo kilichofunga siku 4.

Kwa watu wengi siku 3 au 4 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kisha maumivu hushuka kidogo kidogo. Ukiwa siku ya 9, kuumwa bado ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni maumivu yaliyokuwa yakishuka halafu yakapanda tena, au yanayokazana upande mmoja tu. Hayo hayasubiri siku ya 14.

Hapo uliposema unatakiwa kuvumilia kwa sababu hukulazimishwa, naomba tukae kidogo. Umeyafanya maumivu kuwa faini ya kulipia uamuzi wako. Lakini mtu anayeumwa hapumui hadi chini ya kifua, hakohoi kutoa makohozi, hatembei. Asiyepumua vizuri anajitafutia nimonia, na asiyetembea damu yake inaweza kuganda kwenye miguu. Dawa ya maumivu baada ya upasuaji kama huu ndiyo inayokuwezesha kuinuka na kutembea, kwa hiyo iangalie kama sehemu ya matibabu yenyewe.

Parasetamoli hufanya kazi vizuri ikimezwa kwa saa, kabla maumivu hayajapanda. Ukingoja ushindwe kabisa, kidonge kinakuta moto umeshika paa. Kwa mtu mzima mwenye uzani wa kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, kipimo cha kawaida ni gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kupita vidonge 8 ndani ya saa 24. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku: ni rahisi kukumbuka. Angalia jambo moja hasa msimu huu wa baridi. Dawa nyingi za mafua na homa zinazouzwa madukani tayari zina parasetamoli ndani, na ukizichanganya na vidonge vyako ini ndilo litakaloumia. Soma pakiti, au muulize mfamasia kabla ya kulipa.

Tramadoli uliacha, na pengine sasa huihitaji tena. Wengi kufikia wiki ya pili hutosheka na parasetamoli. Ila hofu yako ya kuizoea ipime upya. Kuimeza siku chache kwa kipimo cha daktari si sawa na kuimeza wiki baada ya wiki huku ukijiongezea, na hatari kubwa iko huko. Usiirudie bila kuuliza, usiichanganye na pombe wala dawa za usingizi, na ujue kwamba hufunga choo. Kuhusu ibuprofeni na diklofenaki, daktari wako ndiye wa kusema, kwa sababu zinaweza kuchangia kuvuja damu na huumiza tumbo na figo za watu wengine. Zikiruhusiwa, ni moja tu kati yake, baada ya chakula, kamwe si zote mbili kwa pamoja. Na kama ulipewa sindano za kuzuia damu kuganda, usijiongezee kitu chochote.

Sasa kulala. Rafiki yako anakutakia mema, lakini ushauri wake unavuta kidonda. Ukilala umenyooka, ngozi iliyokwisha kufupishwa inavutwa pande zote, na mvuto mkubwa unaangukia katikati ya mshono, mahali ambapo damu hufika kwa shida kuliko kwingine. Hapo ndipo kingo za kidonda huweza kuwa nyeusi na kufa. Tumbo haliponi likiwa limekunjamana kwa sababu ya mito. Inua mgongo nusu ya kukaa na weka mito 2 chini ya magoti. Kama mito haitoshi, chukua kiti cha mbao, kigeuze kichwa chini kwenye upande wa kichwani ili mgongo wake ufanye mteremko, kisha tandika mito na blanketi juu yake. Kutembea umeinama kidogo siku 7 hadi 14 ni sawa. Nyooka kila siku kwa kadiri tumbo linavyokuruhusu, na umwonyeshe daktari umefika wapi. Wakati wa kuinuka usijikunje kama unayekaa kitako kutoka chali. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, shusha miguu sakafuni, kisha jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto dhidi ya tumbo kwa nguvu kabla kikohozi hakijafika. Kikohozi chenyewe kitaje kliniki, maana kila kikohozi kinavuta zile nyuzi za misuli.

Mkanda nao una kipimo chake. Kazi yake ni kushika ngozi ikae juu ya misuli ili maji yasipate nafasi ya kukusanyika, na kupunguza uvimbe. Hauchongi kiuno. Ukiukaza hadi ndoano ya mwisho unabana damu inayolisha ngozi ile ile inayojaribu kupona, unasukuma tumbo juu mpaka upumue nusu, na unapunguza mwendo wa damu kutoka miguuni. Vidole 2 viweze kupita chini yake bila kupigana. Vaa fulana nyembamba ya pamba ndani, na nyoosha mikunjo yote, kwa sababu mkunjo mmoja ukikaa usiku kucha huacha mfereji kwenye ngozi iliyovimba, na kwa kuwa una ganzi hutauhisi. Wengi huuvaa wiki 6 hivi, wengine zaidi, kulingana na daktari. Mara ya kwanza kuuvua ili uoge, kaa kwenye kiti cha plastiki bafuni na mtu awe karibu. Wengi hupata kizunguzungu dakika hiyo hiyo, na kuanguka kwenye sakafu ya saruji ndicho kitu cha mwisho unachohitaji.

Mililita 45 kwenye mrija, siku ya 9, si za kuogopesha. Madaktari wengi hungoja ushuke chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo, ndipo wautoe. Pima saa ile ile kila siku na uandike kiasi na rangi: inatakiwa ielekee kutoka nyekundu kwenda waridi, kisha manjano hafifu. Nawa mikono, shika mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa mkono mwingine ukamue kuelekea chupa, kama anayekamua chuchu ya ng'ombe, ili mabonge ya damu yasizibe. Ukishamwaga, binya chupa ya mpira itoe hewa yote ndipo ufunge kizibo. Ikibaki imevimba haifyonzi. Mrija wenyewe ubane kwenye mkanda kwa pini, usining'inie. Kule kuchoma pale unapotokea mara nyingi ni uzito wa chupa unaovuta.

Choo kilichofunga kitibu leo, usingoje. Maji lita 2 au zaidi kidogo kwa siku kama huna ugonjwa wa moyo au figo, papai, machungwa, uji wa wimbi, mboga. Maharagwe na kabichi ziache kwa sasa, gesi ndani ya tumbo lililoshonwa inauma kweli. Muulize mfamasia laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo. Kwa kawaida huanza na mililita 15 mara 2 kwa siku, na huchukua siku 1 hadi 2 kufanya kazi, kwa hiyo usikate tamaa kesho asubuhi. Usijikamue chooni. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti chenye tundu kwa wiki hizi, kwa sababu kuinuka kutoka kuchuchumaa kunatumia misuli ile ile. Dawa kali za kuharisha, za miti au za dukani, ziepuke. Ukianza kutapika, tumbo likawa gumu na hata hewa haitoki, nenda hospitali.

Uvimbe wa jioni usiuhesabu kama pesa zilizotupwa. Umekuwa wima mchana kutwa, na njia za mwili za kutolea maji zilikatwa pamoja na ngozi. Huendelea kwa miezi 3 hadi 6, kwa wengine hata mwaka, ukipungua wiki kwa wiki. Chumvi kidogo, protini ya kutosha, mayai, omena, ndengu, na kutembea chumbani dakika 5 kila baada ya saa 1 au 2 ukiwa macho. Ngazi za orofa ya nne zipande pale tu unapolazimika. Uvimbe wa kuutolea taarifa ni ule wa mahali pamoja, unaotikisika kama maji ndani ya mfuko ukiugusa. Hayo ni maji yaliyokusanyika, na daktari huyafyonza kwa sindano palepale kliniki.

Mtoto wa miaka 3 ana kilo 14 hivi. Kikomo ambacho wengi hupewa kwa wiki 6 hakizidi kilo 5, yaani mtungi wa lita 5, sembuse ule wa lita 20 maji yakikatika mtaani. Kumwinua mara moja hakumaanishi umeharibu kila kitu, lakini kama ulihisi kitu kimekatika, au kuna uvimbe mpya katikati, mwambie daktari. Kaa kwenye kochi na mto tumboni, mtoto apande mwenyewe akae ubavuni mwako. Atakayemwinua kutoka hapo awe mtu mwingine.

Na hapo ndipo tunamfikia Mama.

Hebu tutenganishe maswali mawili ambayo barua yako imeyafunga pamoja: kukandwa, na ukweli. Kukandwa kunaweza kukataliwa leo bila kusubiri siri itoke, kwa sababu makatazo yake ni ya kweli kwa jina lolote utakaloupa upasuaji. Ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Joto huongeza uvimbe. Mkono unaokandamiza unaweza kukata nyuzi za misuli, na ngozi iliyoinuliwa haina tena mishipa yote ya damu iliyokuwa ikiilisha kutoka chini, kwa hiyo kuifunga kwa leso ngumu ni kuinyima kidogo ilichobakiwa nacho. Ungeweza kumwambia hivi: "Mama, daktari amekataza maji moto na kufungwa leso hapa, kwa sababu pana ganzi na ndani kumeshonwa. Lakini mabega na mgongo wa juu vinaniuma, nikandie hapo." Kitambaa cha moto, si cha kuunguza, kwenye mgongo wa juu ambako unahisi vizuri, na mbali na mbavu za pembeni kama ulifyonzwa mafuta huko, hakina ubaya kwa wengi, thibitisha tu na daktari. Mikono yake inajua kazi hiyo, na yeye amekuja kufanya kazi hiyo. Kimya chake cha jikoni sikisikii kama hasira tu. Huenda ni uchungu wa mtu aliyesafiri kutoka Likoni akaona msaada wake hautakiwi.

Ukweli ni swali zito zaidi, na ni lenu wewe na mumeo. Mumeo anasema wiki 2 zitaisha. Hesabu hiyo naiuliza, kwa sababu makatazo ya kubeba ni wiki 6, mkanda vivyo hivyo, na kovu hubaki jekundu au jeusi kwa mwaka na zaidi. Ngozi zetu pia hupenda kuotesha makovu ya kuinuka, yanayohitaji jeli au karatasi za silikoni kwa miezi kidonda kikishafunga. Siri hii ina safari ndefu kuliko mnavyoipimia. Na Mama mwenyewe, aliyezaa na kuuguza, akiona mshono wa nyonga kwa nyonga, ataamini ni ngiri? Labda tayari anajua nusu na anangoja kuambiwa.

Ukichagua kumwambia yote, unapata muuguzi anayejua anachouguza. Hatari ni kwamba atakachokiona kwanza ni kudanganywa, na katika wiki unayomhitaji anaweza kufunga mzigo arudi Likoni. Ukiwa na mawazo hayo, huenda ni vyema mwanawe ndiye aanze, hata kwa simu akiwa njiani, maana wazo la kuficha lilitoka kwake na ni mama yake. Wala usidhani ni lazima ujitetee. Misuli iliyoachana na mgongo uliouma kila jioni yalikuwa mambo halisi. Na hata ile hamu ya kuvaa nguo bila kupishwa kiti si kosa la jinai.

Kuna njia ya katikati: kumwambia yale yaliyo kweli bila kueleza yote. "Misuli ya tumbo iliachana baada ya kuzaa, imeshonwa, na ngozi imepunguzwa." Hakuna uongo humo. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kujua maswali yatakayofuata, na ukishaanza kukwepa swali moja utachoka.

Ukinyamaza, unalinda amani ya sasa, na sikulaumu kwa kutaka amani ukiwa na mrija ubavuni. Lakini fikiria saa 8 usiku, umeishiwa pumzi, na mtu mzima pekee nyumbani ni Mama. Atawaambia wahudumu wa ambulensi kwamba ni ngiri. Madaktari wataanza kutafuta mahali pasipo. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Hata siri inayotunzwa inahitaji kata moja iliyo karibu, na Kayole si mbali. Je, wifi yako anaweza kulala kwenu siku hizi chache? Kama haiwezekani, andika karatasi: jina la upasuaji, tarehe, dawa unazomeza, simu ya daktari. Itie kwenye bahasha, na Mama ajue ilipo na kwamba ni ya kumpa daktari ikiwa utazidiwa. Hilo analielewa bila kuambiwa zaidi.

Kuzidiwa ni hivi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu au joto linaloenea, usaha au harufu, kingo za kidonda zikibadilika kuwa nyeusi, upande mmoja ukivimba ghafla na kuwa mgumu, au chupa ikijaa damu mbichi kwa muda mfupi. Hayo ni ya simu siku iyo hiyo, na damu au uvimbe wa ghafla ni wa kwenda hospitali mara moja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, usikubali ukandwe hata kidogo, nenda. Kichomi kifuani, kukosa pumzi, au kukohoa damu ni dharura ya dakika ile ile: 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na useme wazi kwamba ulipasuliwa tumbo siku chache zilizopita.

Majuto kama hayo yako ya jioni huwapata wengi katika wiki 2 za kwanza, usingizi ukiwa haba na mwili haujaonyesha bado sura yake. Yakikaa zaidi ya hapo, au ukifikia kutotaka kuishi, usingoje miadi. Mwambie wifi, mwambie daktari, siku hiyo hiyo.

Na kliniki piga simu kesho asubuhi. Ufuatiliaji ni sehemu ya kazi uliyowalipa, na siku 5 za kungoja ukiwa na kikohozi na choo kilichofunga ni nyingi. Wakikupuuza, daktari mpasuaji yeyote mwenye leseni anaweza kukuangalia, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya lina orodha yao mtandaoni. Ukiitwa uende, chukua teksi, si matatu, weka mto mdogo kati ya tumbo na mkanda wa gari, na umwombe dereva apite matuta polepole. Andika kabla ya kupiga ili usisahau: vidonge ulivyomeza na saa zake, siku ulizokaa bila choo, kikohozi, siku uliyomwinua mtoto, na hesabu ya mrija. Anza na mrija, ndio watakaouliza kwanza.